Jina Langu Kwenye Korosho Zako

Shangazi,

Nimekaa na kalamu nikiwaza nikusalimu vipi. Ulipokuwa hai nilikuwa nakuamkia tangu nikiwa mbali, nawe unaitikia marahaba kabla hujaniona vizuri, kisha unaongeza, "Karibu, Baba." Wageni walikuwa wakitazamana: mwanamke wa mvi anamwita mtoto wa kakake Baba! Lakini mimi ni Kazungu, na Kazungu ndilo lililokuwa jina la baba yako mzazi, na kwetu aliyebeba jina amembeba na mwenye jina. Nilikuwa baba yako tangu natambaa. Ulikuwa ukinidai nikununulie leso, kama baba anavyomnunulia binti yake, na mimi hata suruali nilikuwa sina.

Leo neno hilo limenikaa vibaya. Kabla sijaeleza kwa nini, acha nilitaje jambo lenyewe, lisije likapotea kwenye maneno mengi, maana unanijua kwa maneno. Nimemzuia Sidi, mwanao wa pekee, kuokota korosho chini ya mikanju yako. Naye akaja akaikata. Minne iko chini. Mitatu ndiyo iliyosimama.

Nakuandikia mchana wa Jumapili. Dama amekwenda kanisani, mimi nimesingizia mgongo. Mke wangu hakuniamini, lakini siku hizi haniulizi sana. Ananiangalia tu, kisha anafunga kilemba chake anaondoka. Ningependa anigombeze.

Hadithi ya mikanju unaijua kunishinda, lakini nataka niiseme mimi, maana msimu huu nimeisema vingine mbele za watu.

Ulirudi kutoka Rabai ndoa ikiwa imekwisha, Sidi mgongoni na sufuria kichwani. Marehemu baba yangu, kaka yako, hakukuuliza mengi. Alikuonyesha ile pembe ya shamba iliyo karibu na barabara ya Magarini akakwambia ujenge. Ardhi hakukupa. Kwetu binti harithi ardhi, hata akirudi nyumbani na machozi namna gani. Lakini mti ni wa aliyeupanda, shamba liwe la nani liwe. Hilo hapa hafundishwi mtu. Shamba moja linaweza kuwa na minazi ya watu watatu, na kila mmoja akaja siku yake akaangusha nazi zake akaenda, na mwenye shamba akamkaribisha maji. Basi ukapanda mikanju saba kwenye ule mchanga mwekundu. Ukainywesha maji uliyooshea vyombo, ukaizungushia miiba mbuzi wasiikaribie. Mama yangu alikuwa akicheka, akisema unailea kuliko unavyomlea Sidi.

Nami nimekula jasho lako tangu ilipoanza kuzaa. Mikanju ya baba ilikuwa mingi, lakini mimi nilikuwa naiba kwako. Siku moja ulinikuta nimejaza mifuko yote ya kaptura, maji ya lile tunda la kanju yamenichafua shati jeupe la shule, madoa ambayo hayatoki hata ufue kwa jiwe. Hukunipiga. Ulisema, "Baba, ukichoka kuiba niambie nikupe kikapu." Kisha ukanifundisha kuzichoma kwenye lile debe lako lililotobolewa kwa misumari, moshi ukitutoa machozi, na ukanionya nijipake jivu mikononi kabla ya kubangua. Mikono nilijipaka. Halafu korosho moja ikagoma kupasuka, nikaitia menoni. Mafuta ya ganda yakanibabua midomo ikavimba, ukacheka kwanza, ndipo ukaenda kutafuta mafuta ya nazi. Ukaniambia mwalimu akiuliza niseme nimeumwa na nyuki, kwa sababu mwalimu alikuwa mteja wako na hukutaka azitilie shaka korosho zako. Nilisema nyuki. Darasa zima waliniita Nyuki mpaka tukamaliza shule.

Nacheka nikiandika, halafu naona haya kucheka.

Ulituacha masika yanaisha. Sukari ilikuwa imekuchosha, na siku zile za mwisho ulizungumza mambo mengi: kuku wako, kitanda apewe nani, kanga zipi zigawiwe. Mikanju hukuitaja. Sikukuuliza nawe hukusema, maana haikuwa jambo la kusemwa. Miti ya mama ni ya mwanawe, na msimu ukifika Sidi angekuja kutoka Mambrui na magunia yake kama alivyokuwa akija kila mwaka. Kwenye matanga yako Sidi hakulia. Alipika, akapakua, akakimbizana na maji ya wageni. Watu walisema ana moyo mgumu. Mimi pia nilisema.

Mikanju ilipoanza kutoa maua, wakaja watu wa kaunti. Serikali imeleta mpango wa kuthibitisha mazao ya nyumbani. Unakumbuka ulivyokuwa ukilalamika kwamba wachuuzi wanachanganya korosho zetu na za kutoka sijui wapi, halafu wanatuambia zetu hazina ladha? Sasa mkulima anakaguliwa shamba, akipita anapewa cheti na alama ya kubandika kwenye gunia na kwenye pakiti. Alama inasema korosho hizi zimezaliwa hapa hapa kwetu, na chini yake linaandikwa jina la mkulima na kijiji chake. Mnunuzi akiiona anajua amenunua nini na kwa nani. Ni mpango mzuri, Shangazi. Ungeupenda. Ungevaa ile leso yako ya Idi, ambayo Sidi alikuletea, ukawangoja wakaguzi mlangoni tangu alfajiri.

Alikuja afisa mmoja wa kike, Mutheu, binti wa Kikamba, mpole, buti zake kubwa kumshinda. Nilimtania kwamba Wakamba wanajua maembe, korosho waje kufundishwa. Alicheka, tukazunguka shamba pamoja. Tulipofika kwenye mikanju ya baba akaniuliza, "Mzee, hii yote ni yako?" Nikamjibu, "Yangu yote, mpaka barabarani."

Mpaka barabarani. Hakuniuliza ni mpaka wapi. Niliongeza mwenyewe, Shangazi, na nilipoongeza nilinyoosha na mkono, nikapitisha juu ya nyumba yako na mikanju yako saba kama mtu anayepangusa meza. Wenzake wakaenda na rangi nyeupe wakachora mstari kwenye kila shina. Niliwatazama wakichora yako. Nikajiambia kwamba shamba moja lazima liwe na jina moja, kwamba serikali haielewi mambo yetu ya mti wa huyu kwenye shamba la yule, kwamba nikianza kueleza watafunga vitabu vyao waende kwa jirani. Hakuna aliyeniambia hivyo. Sikuuliza. Nilijua nikiuliza nitajibiwa.

Jioni Dama akaniuliza, "Na ile ya mama?" Ndivyo alivyokuita siku zote, mama. Nikamwambia mama hayupo. Alikuwa anachambua mchele. Aliinua macho, akayarudisha kwenye ungo.

Cheti kilitoka. Korosho za kwanza zikaanza kuanguka, na mnunuzi akafunga safari kutoka Kilifi mjini mpaka mlangoni kwangu, mtu ambaye zamani tulikuwa tukimfuata na magunia akatufokea. Aliketi, akanywa chai, akaniita mkulima wa mfano. Nilifurahi mno. Kwenye siku ya wakulima Magarini nilipewa kipaza sauti, nikaeleza jinsi ninavyofyeka chini ya miti, ninavyoanika juu ya jamvi badala ya mchangani, ninavyopiga salfa dhidi ya ubwiri unga, ule ukungu mweupe unaoua maua. Yote mimi, mimi, mimi. Kufyeka na kuanika kwenye jamvi nilijifunza kwako, na jina lako halikunitoka mdomoni. Wakanipiga picha. Walitaka mti mkubwa wenye shina zuri, nami nikawapeleka kwenye ule wako wa kwanza, ule uliopinda ambao Sidi alikuwa akibembea kwenye tawi lake utotoni. Nimeuegemea, mkono kiunoni, kofia mpya kichwani. Picha wameitundika ofisini kwao. Dama alipoiona kwenye simu alisema, "Umependeza. Umepiga picha na mti wa watu."

Sidi alikuja karibu na Krismasi.

Alikuja na binti yake na magunia yamekunjwa kwapani, akapita kwanza nyumbani kwako akafagia uwanja, kisha akaenda kwenye mikanju. Unajua zile korosho ndizo anazochoma akauza mbele ya nyumba yake Mambrui, maana cherehani ya mumewe msimu wa shule ukipita hailishi mtu. Alikuta nimezungusha waya. Wakaguzi walikuwa wameshauri shamba lizungushiwe, mazao ya nje yasichanganyike na yetu. Alinisubiri kwenye waya mpaka nikafika. Aliniamkia vizuri, akaniuliza hali, akauliza mgongo wangu. Halafu akaniomba nimfungulie.

Nikampa hotuba. Ndiyo, Shangazi, ile ile ya kwenye kipaza sauti. Nikamwambia mambo yamebadilika, shamba limethibitishwa, kila korosho inayotoka lazima ijulikane imeokotwa na nani na imekwenda wapi, na mtu wa nje akiingia na gunia lake alama inaweza kuondolewa. Nilisema "mtu wa nje". Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kaka, hizi ni za mama." Nikasema sheria ya alama hairuhusu. Akasema tena, pole pole, labda alidhani sikusikia, "Hizi ni za mama."

Sasa sikiliza nilichofanya, maana hiki ndicho kinachoniamsha. Nilimwonea huruma. Nikakimbia ndani nikamletea pakiti ya korosho, zimekwisha kubanguliwa, safi, na alama yake inang'aa, nikampa kwa mikono miwili kama zawadi ya sikukuu. Sidi akaigeuza. Akasoma kwa sauti, binti yake akisikia: jina la kijiji, na jina langu. Hizo korosho ziliokotwa chini ya miti yako. Akaiweka juu ya nguzo ya waya, akahakikisha haianguki, akamshika mwanawe mkono wakaondoka. Magunia yalibaki yamekunjwa vile vile.

Mimi nikaudhika! Nikamwambia Dama kwamba dada yangu ana kiburi. Dama akaichukua ile pakiti pale nguzoni, akaenda kuiweka nyumbani kwako, juu ya kitanda chako kisicho na mtu. Iko huko mpaka leo. Hatujaigusa.

Baada ya mwaka mpya nilikuwa nanywa chai ya asubuhi nikasikia gari. Sidi alishuka na wanaume wawili wa mkaa na pawasoo, ule msumeno wa petroli. Hakuja kwa fujo. Alikuwa amepitia kwa chifu kwanza, na chifu ni mtu wa hapa, anajua mti ni wa nani. Aliingia mpaka barazani, akamsalimu wifi yake, akanigeukia. "Kaka, matunda umekataa. Nimekuja kuchukua miti."

Na ilikuwa haki yake. Aliyepanda anaweza kukata, na mwana wa aliyepanda vile vile. Kitu pekee ambacho kingemzuia ni mimi kufungua kinywa na kusema: ni ya mama yako, ingia uokote. Maneno machache. Nilikuwa nayo mdomoni pamoja na chai. Badala yake nikaingia ndani nikatafuta simu nikampigia Mutheu. Unajua nilitaka kumuuliza nini? Nilitaka kujua kama miti ikipungua shambani, cheti changu kitaathirika.

Nimeamua sitaacha kitu.

Mutheu aliuliza, "Inapungua aje, mzee? Imekauka?" Nikaanza kuzunguka zunguka. Nje msumeno ukawashwa. Akauliza ni kelele gani, ikabidi niseme: kuna mikanju saba ilikuwa ya shangazi yangu, amefariki, binti yake anaikata. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya upole, "Lakini mzee, mbona hukusema? Huku Pwani tunakutana na hayo kila siku. Tungeandika majina mawili, shamba moja. Yeye angepata alama yake, na wewe yako. Ungeweka sahihi tu kwamba unamruhusu kuingia."

Basi. Sheria niliyomsomea Sidi pale kwenye waya haikuwako. Niliitunga mimi. Nilikuwa na simu sikioni nikasikia mti wa kwanza ukilalama, halafu kishindo, vikombe vikagonga kwenye kabati. Mutheu alikuwa bado anaongea. Mti wa pili ukaanguka nikiwa nimesimama pale pale. Nilitoka mbio wa tatu ukiwa unainama. Nilipiga kelele, lakini yule mwenye msumeno alikuwa ameziba masikio kwa pamba na amenipa mgongo. Nikawa napunga simu hewani, mzee mzima na kikoi, na wa nne ukashuka mbele yangu. Ulikuwa ule uliopinda.

Sidi aliinua mkono, mashine ikazimwa. Zikasikika korosho zilizokuwa zikidondoka kutoka kwenye matawi yaliyovunjika. Nikamwambia nikihema kwamba nimezungumza na ofisi, kwamba wataandika jina lake, kwamba atapata alama yake mwenyewe. Akanitazama. "Wangeandika lini, kaka? Kabla ya ile picha au baada?"

Kumbe ameiona. Alikuwa amekwenda ofisini mwenyewe, Shangazi, kabla ya kuja na msumeno, kuuliza kama kuna njia. Alifika mlangoni akakuta picha yangu nimeegemea ule mti wa bembea yake, jina langu limeandikwa chini, akageuka akarudi zake bila kuuliza neno.

Kisha akakaa juu ya kile kisiki kibichi, utomvu ukimchafua buibui, akalia. Machozi ambayo hakuyatoa kwenye matanga aliyatoa pale. Alikuwa anakuita. Dama alikuja akamshika mabega, wakalia pamoja. Mimi nilisimama na simu yangu. Sikuthubutu kusogea, na nadhani nilifanya vizuri kutosogea. Wale wanaume waliacha mitatu iliyobaki. Sidi hakusema waiache wala waikate, walikwenda tu kwenye gari kuongea na derava.

Mkaa waliuchoma pale pale. Moshi wake ulitujia nyumbani siku zote hizo, na Dama alipotaka kufunga madirisha nilimwambia ayaache.

Nimerudi ofisini. Nimemwambia Mutheu yote mbele ya wenzake, nimeomba ile picha ishushwe, imeshushwa. Mitatu iliyobaki imeandikwa kwa jina la Sidi. Nilizichukua mwenyewe alama zake nikazipeleka Mambrui, na njiani kote nilikuwa nikijiona mtu mwema. Unanijua. Nilikuwa nimeshapanga na maneno ya kujibu atakaponishukuru.

Alinipokea kama mgeni. Mkeka, maji, mahamri, mumewe akaacha kushona akaja kunisalimu. Sidi alizichukua alama akaziweka kabatini bila kuzitazama. Nikaona hazitoshi. Nikamwambia nitamletea miche, ile ya kisasa inayozaa mapema, apande mahali pa ile minne, nitamchimbia mashimo kwa mikono yangu. Akaniuliza, "Nipande wapi?" Nikasema pale pale, kwenu. Akauliza, "Pale ni kwa nani, kaka?"

Akaendelea, na wala hakuwa na hasira, ndiyo maana yaliniingia. "Mama alipanda kwa ndugu yake. Mimi nipande kwa mtoto wa ndugu yake. Binti yangu akapande kwa wanao?"

Nilikunywa yale maji. Sikumbuki nilivyoaga.

Shangazi, tangu siku hiyo ndiyo nimekuwa mgonjwa kweli. Nilidhani kosa langu ni kuchukua kile ambacho desturi ilikupa, na kwamba nikikirudisha nimemaliza. Sikuwahi kujiuliza kwa nini ilikupa miti tu. Maisha yako yote uliishi kwenye pembe ile ukifagia uwanja usio wako, ukiomba ruhusa ya kuchimba choo, ukimpelekea kaka yako kikapu cha kwanza cha kila msimu kama mpangaji. Hukulalamika hata siku moja, nami nikafikiri umeridhika. Ulikuwa ukiniita baba yako, na baba huyu hakufikiria kukupa hata upana wa kitanda.

Nimempigia Katana Mombasa, nikamwambia ile pembe nataka kumwandikia Sidi. Mdogo wangu amenifokea. Amesema nimerogwa, amesema ardhi ya wazee haigawiwi wanawake walioolewa, amesema nikifanya hivyo nisimwite kwenye msiba wowote. Dama nilipomweleza aliweka mwiko chini akasema, "Ile pembe tumewahi kuilima lini?" Amesema ataweka sahihi kwenye bodi ya ardhi kama mke wa mwenye shamba. Kisha akaniuliza kama nitasimama mpaka mwisho au nitatafuta simu. Nilistahili.

Naogopa, sitakuficha. Namwogopa Katana, nawaogopa wazee watakaoitwa kunikalia kikao, najiogopa na mimi mwenyewe, maana nimejiona. Kwa hiyo nimefanya mambo kwa haraka kabla sijapoa. Nimeshazungumza na mpimaji. Na jana nimempigia Sidi, nimemwambia aje na kitambulisho chake. Akauliza, "Cha nini?" Nikamwambia ni cha kuandikiwa ardhi. Nikasikia cherehani ya mumewe ikiendelea. Hakushukuru. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuuliza.

Alisema, "Mwambie mpimaji kaburi la mama liwe upande wangu."

Nitamwambia, Shangazi. Nitakuwapo siku hiyo, kamba nitaishika mimi mwenyewe, na mpaka utapita nyuma ya kaburi lako, si mbele. Katana aje asije. Hii ndiyo ahadi yangu, na nimeisoma kwa sauti humu chumbani ili nisiweze kusema sikuiandika.

Namsikia Dama anarudi, anazungumza na mtu njiani. Nakuaga kwa leo. Unaagwa na mtu asiye na haki ya kukuombea mengi, lakini hili moja naliomba: vumilia kidogo tu huko ulipo, mpaka bodi ikae. Ulilala kwenye shamba la baba yako, ukalala kwenye la mumeo Rabai, ukalala kwenye la kaka yako, na sasa umelala kwenye langu. Sidi akishaweka sahihi, utakuwa umelala kwako.

Kazungu